Toleo jipya la filamu ya kutisha na nakala ya wizi

Filamu ya kutisha inayopendwa ikitangazwa kutengenezwa upya, ugomvi huanza kabla hata ya picha ya kwanza kuonekana. Mashabiki wa zamani hulalamika kuwa wameharibiwa filamu yao. Wengine husema, "Sitoi hela yangu, nitaipakua bure nione ilivyo mbovu." Maharamia, wale wanaosambaza nakala za wizi, wanaisubiri sentensi hiyo.

Mwaka 2007 toleo jipya la Halloween, lililoongozwa na Rob Zombie, lilivuja mtandaoni kabla ya kuingia kwenye majumba ya sinema. Iliyovuja ilikuwa nakala ya kazi, yenye matukio ambayo baadaye yalibadilishwa. Walioitazama wakaiponda walikuwa wakiponda filamu ambayo haijakamilika.

Nakala inayorekodiwa kwa simu ndani ya ukumbi ni mbaya zaidi. Filamu ya kutisha huishi kwa giza na ukimya. Kwenye nakala hiyo giza hugeuka vipande vya kijivu vinavyochezacheza, na pale mwongozaji alipotaka usikie pumzi tu, unasikia mtu akikohoa. Hofu inapotea, halafu lawama anabebeshwa mwongozaji.

Kupoteza hakimiliki kunauma kwa miaka mingi. Night of the Living Dead ya George Romero ilitoka mwaka 1968. Msambazaji alipobadilisha jina la filamu hiyo, tangazo la hakimiliki liliachwa nje, na sheria ya Marekani ya wakati huo ililitaka. Filamu ikawa ya umma, yeyote akaiuza bila kuwalipa walioitengeneza.

Watetezi wa nakala haramu hutaja filamu ya Nosferatu ya mwaka 1922, na hoja yao ina uzito. Ilitokana na riwaya ya Dracula ya Bram Stoker bila ruhusa, mjane wake akashtaki, mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala ziteketezwe. Leo tunayo kwa sababu baadhi zilinusurika. Lakini kuokoa kazi inayotaka kutoweka ni jambo moja; kupakua filamu iliyotoka wiki hii ni jingine kabisa.

Nakala ya wizi inaweza pia kuwa mtego wa virusi. Kabla ya kufungua faili ulilopakua, soma herufi za mwisho za jina lake. Video nyingi huishia na mp4 au mkv. Likiishia na exe, hiyo ni programu, wala si filamu, lifute. Kama umeshalifungua, kata intaneti, kagua kompyuta kwa programu ya kuzuia virusi, kisha badilisha nywila za benki na barua pepe ukitumia kifaa kingine.