Je, Wajua Kwa Nini Seli ya Kinga Haiamki Bila Kiunzi Chake?

Mtu akichomwa na msumari mguuni na kidonda kikaanza kutunga usaha, hazipiti siku nyingi kabla ya uvimbe wenye maumivu kujitokeza kwenye kinena, uvimbe ambao tangu zamani unaitwa mtoki. Jeraha liko wayoni, uvimbe uko kinenani, na wengi hawaoni vinavyohusiana. Kinenani zimo tezi za limfu, na ndani yake seli za kinga ziitwazo seli T hupata habari za vijidudu vilivyoingia mguuni, huamka, kisha hugawanyika kwa wingi hadi tezi ikafura. Vitabu vingi vya shule hulipita neno hilo “huamka” kana kwamba seli imebonyezwa swichi. Kwa kweli seli T huamka kwa kushika na kuvuta, na kinachovuta ni kiunzi chake.

Tukisikia neno kiunzi tunafikiria mifupa, yaani kitu kigumu kisichobadilika umbo hadi kivunjike. Kiunzi cha seli ni nyuzi za protini zinazojengwa na kubomolewa saa zote. Nyembamba kuliko zote ni nyuzi za aktini, zenye unene wa nanomita 7 hivi, kiasi kwamba unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuliko uzi huo takriban mara elfu kumi. Kisha kuna mirija iliyoundwa kwa tubulini, yenye kipenyo cha nanomita 25. Lipo na kundi la tatu, ila katika habari hii mchango wake ni mdogo. Anayetaka mfano aliangalie jukwaa la miti wanalofunga mafundi wa ujenzi: linafungwa ukuta huu, linafunguliwa, linahamishiwa ukuta mwingine, na mti ule ule unatumika tena.

Kabla ya kuamka, seli T huzurura ndani ya tezi kwa mwendo wa karibu mikromita 10 kwa dakika, umbali unaozidi kidogo upana wa mwili wake wenyewe. Mwendo huo ni kazi ya aktini, inayojengwa mbele na kubomolewa nyuma. Ngozi ya seli imejaa vijidole vidogo, navyo pia vimesimamishwa na aktini, na kwa vijidole hivyo seli hupapasa seli nyingine zilizobeba vipande vya protini za vijidudu. Kila seli T inatambua vipande vya aina chache mno, hivyo nyingi ya papasa hizo ni za bure: inagusa, haioni chake, inakwenda zake.

Siku inapogusa kipande kinachoifaa, mambo hubadilika ndani ya dakika chache. Seli inasimama, inajibandika, na inajitandaza juu ya mwenzake kama donge la unga lililogandamizwa kwenye kibao cha chapati. Pembezoni mwa eneo la mguso aktini mpya inajengwa mfululizo, na kwa kuwa ukingo wa seli unaizuia kusonga nje, nyuzi zile zinarudi nyuma kuelekea katikati. Vipokezi, yaani protini za juu ya seli T zinazokamata vipande hivyo, vikishakamata husombwa na mkondo huo, vikikusanyika makundi makundi njiani, na ni katika makundi hayo ndipo ishara za kuiamsha seli zinapowashwa. Mwaka 1998 Abraham Kupfer na wenzake huko Marekani walichapisha picha za eneo hilo zikionesha mpangilio wa duara: vipokezi katikati, protini za kunatia zikiwa zimevizunguka.

Umuhimu wa mkondo huo ulithibitishwa kwa kuuvuruga. Kuna sumu iitwayo latrunkulini, iliyopatikana kwanza katika sifongo wa Bahari ya Shamu, ambayo huzuia aktini kujengeka. Seli T zikitiwa sumu hiyo kabla ya mguso, makundi ya vipokezi hayaundiki na ishara hazishiki, ingawa vipokezi vyenyewe vipo na vipande vya kijidudu vipo. Mvuto nao una kazi ya kuchuja. Majaribio ya maabara yamegundua kwamba kipokezi kikivutwa kidogo huku kimeshika kipande kinachokifaa, mshiko unaweza kukaza badala ya kulegea, ilhali kilichoshika kipande kisicho chake huachia upesi. Mnunuzi sokoni hujua fundo la mzigo kwa kulivuta, si kwa kulitazama.

Mirija ya tubulini huingia kazini baadaye kidogo, hasa katika seli T za kuua. Kitovu ambako mirija hiyo huanzia huhama, kikaja kukaa karibu kabisa na eneo la mguso. Vifuko vyenye sumu husafirishwa juu ya mirija hiyo, aktini iliyokuwa imetanda katikati hupungua ili kuvipisha, na sumu humwagwa juu ya seli iliyoambukizwa pekee. Seli jirani husalimika.

Wafugaji wa Afrika Mashariki wanaujua vizuri ugonjwa wa ndigana kali, unaoletwa na kimelea kinachoenezwa na kupe. Kimelea hicho huishi ndani ya seli za kinga za ng’ombe, kikazifanya zigawanyike bila kikomo, na seli inapojigawa chenyewe hujishikiza kwenye mirija ile ile ya kiunzi ili kila mtoto wa seli arithi sehemu yake. Ndiyo maana moja ya dalili za mwanzo ni tezi iliyovimba chini ya sikio la mnyama.

Kwa binadamu, ushahidi mzito kuliko wote ulitoka kwa watoto. Mwaka 1937 daktari Alfred Wiskott wa München, Ujerumani, alieleza habari za ndugu watatu wa kiume waliotokwa damu kwa urahisi, wakawa na ukurutu wa ngozi na maambukizi yasiyokoma, huku dada zao wakiwa wazima. Mwaka 1954 Robert Aldrich wa Marekani alionesha kwamba ugonjwa huo hurithiwa kupitia kwa mama, na mwaka 1994 jeni husika likapatikana. Jeni hilo hutengeneza protini inayoamrisha nyuzi za aktini zichipue matawi, na protini hiyo hupatikana katika seli za damu tu. Kwa hiyo mtoto wa namna hiyo huweza kuwa na seli T ndani ya tezi zake, nazo zikagusana na adui, lakini zikashindwa kumshika sawasawa. Tiba mojawapo inayoweza kumponya ni kupandikiziwa uboho wa mtu mwingine, ambao huzalisha seli zenye protini hiyo.