Umeme unakula chuma gani? Dhana potofu tunazozisikia dukani

Mama mmoja anayejenga Chanika alisimama mbele ya kaunta yetu, akaikunja risiti mara mbili, kisha akaniuliza: "Mwanangu, ni kweli nondo zimepanda kwa sababu Serikali imezipeleka zote kwenye Bwawa la Nyerere?"

"Hapana mama, si hivyo," nikamjibu. Lakini wateja walikuwa wamejaa nyuma yake, na jibu kamili la swali lile linataka nafasi. Nauza vyuma kwa miaka mingi sasa, na tangu minara mikubwa ya umeme ianze kuota nchi nzima, maneno kuhusu umeme na chuma yamekuwa mengi. Mengine yana chembe ya ukweli, mengine hayana kabisa. Nayachukua yale ninayoyasikia zaidi.

Dhana: Miradi ya umeme imemaliza chuma, ndiyo maana nondo ni ghali

Dunia huzalisha karibu tani bilioni 1.9 za chuma kwa mwaka, na zaidi ya nusu yake hutoka China. Zaidi ya nusu ya chuma chote cha dunia huishia kwenye majengo na miundombinu. Kwa hesabu za Chama cha Chuma Duniani, vifaa vya umeme huchukua kama asilimia 3 tu. Ni kweli kwamba nondo za bwawa na misingi ya minara huhesabiwa kwenye fungu la ujenzi, kwa hiyo sehemu halisi ya umeme ni kubwa kuliko hiyo asilimia 3. Hata hivyo, haifikii kiwango cha kuipandishia bei nyumba ya vyumba vitatu Chanika.

Bei ya nondo unayoikuta dukani inafuata mambo mengine: bei ya mapande ya chuma yanayoagizwa kutoka nje ili viwanda vyetu viyavute kuwa nondo, bei ya vyuma chakavu, thamani ya shilingi mbele ya dola, na nauli ya meli. Ukitaka kujua nondo zitakuwaje mwezi ujao, tazama dola kabla ya kuutazama mto Rufiji, lilikojengwa Bwawa la Nyerere.

Pale umeme unapobana soko kwelikweli ni kwenye aina moja ya chuma ambayo huyu mama hatainunua maisha yake yote. Nitaifikia.

Dhana: Waya mkubwa wa umeme ni shaba tupu

Dhana hii imewagharimu watu maisha, kwa sababu kuna wanaopanda minara kukata waya wakidhani wanakwenda kuokota shaba. Waya unaoning'inia kwenye minara mirefu ni wa alumini, na katikati yake pana chuma. Ukikata kipande na kukitazama kwa mbele, mara nyingi utaona nyuzi saba za chuma zilizosokotwa pamoja, na kuzizunguka nyuzi nyingi za alumini, nyeupe na laini. Alumini ndiyo inayobeba umeme. Uzito wake ni chini ya theluthi moja ya uzito wa shaba, lakini peke yake ingenyooka na kukatika kwa uzito wake na upepo. Chuma cha katikati ndicho kinachoubeba waya kutoka mnara hadi mnara, mita mia tatu, mia nne au zaidi.

Kwa hiyo kila kilomita ya njia mpya inaita chuma mara tatu: kwenye waya, kwenye mnara na kwenye msingi wa zege. Njia ya kilovolti 400 kutoka Bwawa la Nyerere hadi Chalinze ina urefu wa kama kilomita 160. Weka mnara mmoja kila mita mia nne, na hiyo peke yake ni minara kama mia nne. Halafu ipo ya Chalinze hadi Dodoma, kilomita 345, na ile iliyotuunganisha na Kenya, kutoka Singida hadi Isinya, yenye kama kilomita 500. Wenzetu wa Kenya nao wana njia ya kilovolti 500 kutoka Wolayita Sodo, Ethiopia, hadi Suswa: kilomita 1,045. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria mwaka 2023 kwamba hadi 2040 dunia itahitaji kujenga au kubadilisha kilomita milioni 80 za njia za umeme ili itimize malengo yake ya nishati na tabianchi.

Vijijini mambo ni tofauti kidogo. Nguzo nyingi ni miti, mikaratusi iliyotiwa dawa, na siku hizi nyingine ni za zege. Chuma hapo ni bolti, vishikizo vya vikombe vinavyoutenga waya na nguzo, waya wa kuivuta nguzo isilale, na transfoma.

Dhana: Ukitoa vyuma vidogo viwili vitatu kwenye mnara, hauwezi kuanguka

Hapa naomba msomaji atulie, kwa sababu jambo hili linaniuma.

Sogea karibu na mnara, bila kuugusa, uutazame mguu wake. Utaona vyuma vinne vikubwa vya pembe, vile mafundi wetu huviita engo, vimezama kwenye zege. Kati yake kuna vyuma vyembamba vilivyopita mshazari, vingine vifupi kama mkono wa mtu. Karibu na ncha ya kila kimoja imegongwa namba, kwa sababu kila kipande kimekatwa kikae mahali pake na si pengine. Rangi yake ni ya kijivu kilichofifia. Hiyo ni zinki: chuma kikishatobolewa na kukatwa huzamishwa kwenye beseni la zinki iliyoyeyuka, kwenye joto la nyuzi kama 450, ndipo kikae porini miaka mingi bila kuliwa na kutu.

Vile vyembamba ndivyo vinavyoibwa, maana vinafunguka kwa spana. Mwizi hudhani havina kazi kwa sababu ni vidogo. Kazi ya vyuma hivyo ni hii: chukua ufito mrefu, usimamishe, uukandamize kwa juu. Utapinda katikati. Sasa mwenzako aushike katikati, ukandamize tena. Unavumilia mzigo mkubwa zaidi, ingawa ufito ni uleule. Vyuma vyembamba ndiyo ile mikono iliyoshika katikati. Ukiviondoa, mguu wa mnara unabaki ufito mrefu usio na mshikaji, na upepo mmoja mkali unatosha. Na mnara ukilala haulali peke yake, kwa sababu waya huivuta minara jirani.

Tarehe 11 Januari 2022 minara ya njia ya Kiambere hadi Embakasi ilianguka, na karibu Kenya nzima ikaingia gizani. Tukio lile lilihusishwa na kung'olewa kwa vyuma, na wiki iliyofuata Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu. Marufuku ikaondolewa mwezi Mei mwaka huohuo, kwa masharti mapya ya leseni. Sisi tulio kwenye biashara hii tunakitambua chuma cha mnara kikiletwa: kina namba, kina zinki nene, kina matundu ya bolti yaliyopangwa. Anayekinunua hawezi kusema hakujua.

Dhana: Sola na upepo havihitaji chuma, ni vioo na mapangaboi tu

Paneli ndiyo inayoonekana, lakini imekaa juu ya fremu, na fremu imesimama juu ya vyuma vilivyopigiliwa ardhini. Kampuni ya chuma ya ArcelorMittal imekuwa ikitoa makadirio ya tani 35 hadi 45 za chuma kwa kila megawati ya sola, na tani 120 hadi 180 kwa kila megawati ya upepo. Chukua awamu ya kwanza ya mradi wa sola wa Kishapu, Shinyanga, ambayo ni megawati 50. Kwa makadirio hayo ni kama tani 1,750 hadi 2,250. Upande wa upepo, chuma ni kama theluthi mbili hadi robo tatu ya uzito wote wa mtambo mmoja.

Kuna jambo la Turkana, kaskazini mwa Kenya, ambalo kila anayepanga mradi angelikumbuka. Mitambo 365 ya upepo, jumla ya megawati 310, ilisimamishwa karibu na Ziwa Turkana na ikawa tayari mwaka 2017. Upepo ulikuwepo. Kilichokosekana ni njia ya kilovolti 400 kwenda Suswa, zaidi ya kilomita 400 za minara, maana mkandarasi wake alifilisika katikati ya kazi. Mitambo ilisubiri hadi Septemba 2018, na serikali ikadaiwa fidia ya umeme ambao haukuweza kusafirishwa.

Dhana: Chuma ni chuma. Cha nondo na cha transfoma vyote sawa

Hiki ndicho chuma nilichoahidi kukifikia.

Ukifungua transfoma, ndani ya mafuta na chini ya misokoto ya waya utakuta kiini cha chuma. Si pande moja. Ni mamia ya mabati membamba yaliyopangwa juu ya jenzake, kila moja lenye unene wa milimita 0.23 hadi 0.35, yaani karibu sawa na bati la kuezekea la geji 30. Kila bati lina utando mwembamba unaolitenga na jirani yake, kwa sababu kiini kingekuwa pande moja, umeme ungezunguka ndani yake bure na kuligeuza jiko.

Chuma chenyewe kimechanganywa na silikoni kama asilimia 3. Kisha hubanwa kwenye rola na kupashwa moto kwa mpangilio maalumu, hatua ya mwisho ikifika joto la nyuzi kama 1,200, mpaka fuwele zake zote zielekee upande mmoja, mithili ya nyuzi za mbao. Sumaku hupita kwa urahisi kufuata mwelekeo huo. Mmarekani Norman Goss ndiye aliyeipatia njia hiyo hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1934, na hadi leo ni viwanda vichache sana duniani vinavyoiweza, vikiwamo vya Japani, Korea Kusini, China, Ulaya na Urusi. Marekani yenyewe, pamoja na ukubwa wake, ina kampuni moja tu, Cleveland-Cliffs.

Sasa tazama kilichotokea. Vituo vya kompyuta vimeongezeka, magari ya umeme yameongezeka, gridi za zamani zinabadilishwa, na wote wanataka transfoma kwa wakati mmoja. Baadhi ya viwanda navyo vikahamishia nguvu kwenye aina nyingine ya chuma cha silikoni, ile ya mota za magari. Transfoma kubwa zilizokuwa zikipatikana ndani ya miezi zikaanza kusubiriwa mwaka, miwili, hata zaidi. Hapo ndipo ukuaji wa umeme ulipobana chuma. Mlundo wa nondo ulikuwepo muda wote, lakini nondo haiwezi kuwa kiini cha transfoma.

Jambo hili linatuhusu moja kwa moja. Januari 2025 viongozi wa Afrika walikutana Dar es Salaam kuahidi kuwafikishia umeme watu milioni 300 ifikapo 2030. Mtaa ukiwashwa umeme, nguzo itapatikana na waya utapatikana. Kinachochelewa huwa ni transfoma. Arusha tunacho kiwanda cha Tanelec kinachounda transfoma, na hilo ni jambo la kujivunia, lakini bati la kiini halitengenezwi popote Afrika Mashariki. Tunapanga foleni ileile na matajiri.

Na ubora wake hauna mzaha. Kiini hufanya kazi saa 24, hata usiku wa manane watu wote wakiwa wamezima taa. Bati hafifu hupoteza umeme kila saa kwa miaka thelathini. Transfoma ya bei rahisi inaweza kuwa ghali kuliko zote.

Mlio ule wa "mmmm" unaousikia chini ya transfoma nao unatoka kwenye bati hilohilo. Kila sumaku inapogeuka, chuma hurefuka na kufupika kidogo mno, mara 100 kwa sekunde. Wengi huogopa wakidhani italipuka. Mlio wa kawaida, usiobadilika, si hatari.

Dhana: Chuma hakiuhitaji umeme sana, umeme ndio unaokihitaji chuma

Vyote vinategemeana. Kuyeyusha tani moja ya vyuma chakavu kwenye tanuru kubwa la umeme kunakula kama yuniti 400 hadi 500 za umeme, nyumba nyingi zinazotumia LUKU hazifikishi hizo kwa miezi kadhaa. Umeme ukikatika ghafla na kuchelewa kurudi, chuma kilichoyeyuka kinaganda ndani ya tanuru, na kukitoa ni kukivunja pamoja na kuta zake za matofali. Mitambo tisa ya Bwawa la Nyerere, megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115, ilikamilika kuwashwa 2025. Kwa viwanda vya chuma huo ndio mtaji wa kwanza.

Dhana: Tuna Liganga, kwa hiyo chuma cha minara kiko njiani

Liganga ni kweli ipo, wilayani Ludewa, mkoani Njombe, na tani milioni 126 za mashapo ya chuma zimethibitishwa. Jirani yake, Mchuchuma, kuna makaa ya mawe tani milioni 428. Mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa liliingia mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya China kuchimba vyote viwili na kujenga mtambo wa umeme wa megawati 600. Wananchi wa Ludewa wamesubiri tangu hapo.

Watu wengi hudhani shida ni mkataba tu. Jiwe lenyewe nalo ni gumu kufanyia kazi: chuma cha Liganga kimechanganyika na metali nyingine mbili, titani na vanadi. Ukilitia kwenye tanuru la kawaida la makaa, titani huufanya uchafu unaoelea juu uwe mzito kama uji uliokorogwa sana, na tanuru linaziba. Yapo matanuru yanayoliweza, China na Urusi wanayo, na mengine hutumia umeme mwingi. Titani na vanadi zina thamani kubwa zikitenganishwa. Kazi hiyo inahitaji wahandisi, maabara, na umeme usioyumba, ambao sasa tumeanza kuwa nao.

Lililo karibu zaidi ni lile lisilongoja Liganga: kukata engo, kuzitoboa, kuzigonga namba na kuzizamisha kwenye zinki hapahapa, kwa mapande yanayoagizwa au vyuma chakavu vya halali. Mafundi wa kutoboa tunao.

Njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea iliwashwa mwaka 2018. Inapita mkoa uleule wa Njombe, mnara baada ya mnara, na mlima wa Liganga uko palepale ulipokuwa.