Dhahabu ya mabodi chakavu: chukua rula kabla ya asidi

Kabla hujanunua hata tone la asidi ya kutolea dhahabu kwenye mabodi ya kompyuta na simu mbovu, chukua rula. Shika ramu ya kompyuta ya zamani iliyokwisha kufa, utazame ule ukingo unaochomekwa kwenye mazabodi. Ile mistari ya njano iliyojipanga, ambayo sisi tunaiita meno, ni dhahabu kweli, wala si rangi. Lakini ipime. Urefu wa ukingo ni kama sentimita 13, kimo cha meno hakifiki milimita 3, na kati ya jino na jino kuna nafasi tupu. Ukijumlisha pande zote mbili utapata kama sentimita 5 za mraba.

Sasa njoo kwenye unene. Meno mazuri, yaliyotengenezwa yastahimili kuchomekwa na kuchomolewa, hupakwa dhahabu ya mikroni 0.75 hivi, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina gramu 19.3. Piga hesabu: sentimita moja ya mraba ya meno hayo imebeba miligramu 1.4 hivi, na ramu nzima miligramu 7. Gramu moja basi inataka ramu kama 140, tena hapo mambo yakiwa mazuri na hujapoteza chochote njiani. Ule mng'aro wa njano kwenye bodi za simu ni mwembamba zaidi, mara nyingi mikroni 0.05 hadi 0.1. Unapendeza macho, mizani haiutambui.

Natanguliza hesabu hii kwa sababu vijana wanaonijia hapa Ngamiani, Tanga, wameshashiba video za kutoa dhahabu kwa asidi. Mtu hajakaa vizuri: "Shikamoo fundi, asidi inapatikana wapi?" Marahaba mwanangu, mizani unayo? Mzigo unao wa kilo ngapi? Kimya. Mtu ana bodi mbili za king'amuzi na simu moja ya kitochi, na tayari anataka kuchemsha.

Msimamo wangu ni kwamba anayeanza kazi hii awe mchambuaji kwanza. Kusafisha dhahabu ni kazi ya mwisho, na wengi hawana haja ya kuifikia. Pesa ya mwanzo imo kwenye kufungua, kutenganisha na kuuza kila daraja kwa bei yake: shaba ya waya peke yake, alumini ya vipoza joto peke yake, mabodi yenye meno peke yake. Vifaa ni bisibisi, plaisi, sumaku, mizani, glavu nene na miwani ya kinga.

Hata kufungua kuna hatari zake. Pawasaplai ya kompyuta ina kapasita kubwa zinazoweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata ukiwa umeshachomoa waya ukutani, kwa hiyo iache ikae, na usiguse ndani yake kabla hujapima kwa mita ya volti. TV za chogo usiziguse kabisa. Kioo chake kina risasi, ile metali yenye sumu, umeme wa ndani unafika maelfu ya volti, na dhahabu ya maana hamna. Betri za simu na laptopu ziondoe mwanzo kabisa, zima zima, bila kuzichokoa kwa bisibisi. Ikitobolewa moja tu, moto wake hauzimiki kirahisi, na ukiwa na gunia zima chumbani ndiyo hasara ya nyumba. Oveni ya maikrowevu nayo: kauri zilizomo ndani usizisage wala kuzivunja, maana baadhi zina berili, na vumbi lake linaharibu mapafu moja kwa moja.

Halafu kuna risasi ya kulehemu. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye vifaa vingi vya elektroniki kuanzia Julai 2006, ila chakavu linalotufikia huku lina kila umri, kwa hiyo hesabu kwamba kila bodi unayoishika ina risasi. Haipiti kwa urahisi kwenye ngozi. Inapita mdomoni, kwa mkono ulioshika bodi ukashika andazi. Nawa kwa sabuni kabla ya kula, vua nguo za kazi kabla ya kuingia ndani, usizifue pamoja na nguo za watoto. Mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoila mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima. Ndiyo maana nikiona mtu anachambulia mabodi sebuleni huku mtoto anatambaa hapo hapo, huwa sioni aibu kugombana naye.

Kuchoma mabodi ili plastiki iishe haraka, sahau. Plastiki zile zimetiwa bromini zisishike moto, na zikilazimishwa kuungua zinatoa dioksini, ambayo ni sumu kali, pamoja na moshi wa risasi. Upepo wa baharini unaupeleka moshi huo kwa jirani, na wewe unabaki na majivu yaliyochanganyika kila kitu.

Kuna pia wanaoleta zebaki, kwa kuwa wamefanya kazi machimboni Handeni na wameona inavyoshika dhahabu. Kwenye mabodi haisaidii. Zebaki inashika hata bati na risasi ya lehemu, kwa hiyo unapata tope lisilo na thamani, na ukilichoma unavuta mvuke unaoharibu mishipa ya fahamu na figo. Sayanidi, sumu inayotumika machimboni kuyeyusha dhahabu, sitaieleza hata kidogo, isipokuwa jambo moja: ikikutana na asidi hutoa gesi inayoua ndani ya dakika chache.

Sasa asidi yenyewe, maana najua ndiyo mnayoisubiri. Dhahabu haiyeyuki katika haidrokloriki peke yake wala katika naitriki peke yake. Huyeyuka zikichanganywa, na mchanganyiko huo unatoa gesi za sumu: klorini na zile za naitrojeni. Naitriki ikila shaba unaona moshi wa kahawia uliokolea wekundu, naitrojeni dioksaidi. Ukiuvuta unakohoa kidogo, unatoka nje, unapata nafuu, unarudi nyumbani unakula chakula chako. Saa kadhaa baadaye, pengine usiku wa manane, mapafu yanaanza kujaa maji. Aliyevuta moshi ule apelekwe Bombo au hospitali yoyote iliyo karibu hata kama anaapa yuko mzima, na daktari atajiwe jina la gesi.

Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii gesi yoyote kati ya hizo. Hata zile za kuzuia vumbi hazizuii. Kinachofaa ni kabati la maabara lenye feni ya kuvuta mvuke, na feni yenyewe iwe ya aina isiyoliwa na asidi. Kufungua dirisha hakutoshi. Gesi hizi ni nzito kuliko hewa, zinatulia chini, mahali ambapo watoto na kuku wanapita. Mvuke wa haidrokloriki nao una tabia ya kutoroka kwenye chupa isiyofungwa vizuri. Weka chupa hiyo kwenye banda moja na baiskeli yako, na sisi Tanga bila baiskeli hatwendi popote, uone mnyororo utakavyovaa kutu.

Zile video za kuchanganya Jik na asidi ya kusafishia choo zinakufundisha kutengeneza klorini chumbani. Maji usiyamwage kwenye asidi kali. Asidi ndiyo humiminwa kwenye maji, polepole.

Baki ya kazi hii ni maji ya kijani yenye shaba, na huenda yana nikeli na risasi pia. Samaki hawaivumilii shaba, na pwani yetu ina hifadhi ya bahari ya silikanti, yule samaki adimu wa kale, achilia mbali visima vya watu wa Sahare. Wenye ujuzi hutia chuma chakavu ili shaba ishuke, kisha chokaa, ambayo Tanga haina uhaba wake, mpaka asidi iishe nguvu na metali zigande kuwa tope. Tope hilo bado ni taka hatarishi, halifukiwi shambani.

Ukiona biashara inakua, ingia kwenye sheria mapema. Kemikali ziko chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa sheria ya 2003. Taka hatarishi, na za elektroniki zikiwemo, ziko chini ya NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, kwa Sheria ya Mazingira ya 2004. Ukiwa na wafanyakazi, OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, inakuhusu. Kusafirisha mabodi nje ya nchi kunadhibitiwa na Mkataba wa Basel, ambao tangu tarehe 1 Januari 2025 unataka nchi inayopokea iridhie kwanza hata kwa taka za elektroniki zisizo hatarishi. Na kila mzigo unaonunua uandikie risiti yenye jina la muuzaji, maana simu za wizi nazo hupita huku huku.

Siku ya kuuza, pima mwenyewe kabla mnunuzi hajapima. Meno yakatwe karibu na mstari wa njano, kwa sababu kipande cha kijani kinachobaki kinaongeza uzito na kushusha bei. Pini za njano zipitishe sumaku: zinazonata zina chuma au nikeli ndani, ziweke peke yake. Mnunuzi akitaka kuchanganya mabodi ya kompyuta na ya ving'amuzi kwa bei moja ya gunia, funga gunia lako. Na ukibahatika kukuta prosesa za kauri za miaka ya 1990, zile zenye mgongo wa zambarau au kijivu na pini za njano, usizing'oe pini. Zikiwa nzima, kuna wakusanyaji wa vitu vya zamani wanaozinunua kwa bei inayozidi dhahabu iliyomo.