MP4 si kodeki

"Nibadilishie kodeki iwe MP4." Ombi hili limezidi sasa. Kila likitolewa, kuna mtu anafuta .mkv mwishoni mwa jina la faili, anaandika .mp4, anachomeka flashi kwenye runinga, na runinga inakataa vilevile.

Maana kwa ufupi: kodeki ni kanuni ya kubana picha au sauti na kuifumua tena. H.264, HEVC, AV1, AAC na Opus ni kodeki. Kontena ni kasha linalobeba mikondo ya picha, sauti na manukuu pamoja, na kutunza muda ili midomo isipishane na maneno. MP4, MKV, WebM na AVI ni makasha.

Jina ndilo lenye mambo. Kodeki imeungwa kwa vipande viwili vya Kiingereza, cha kusimba (coder) na cha kusimbua (decoder), kama modemu ilivyoungwa. Tanzania kipande cha pili kinajulikana tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam, 31 Desemba 2012, watu wakakimbilia ving'amuzi. King'amuzi kinasimbua tu. Kodeki inataka pande zote mbili, na FFmpeg, programu ya kugeuza picha na sauti kwa kuandika amri, inazionyesha wazi ukiandika:

ffmpeg -codecs

Mbele ya kila jina kuna herufi: D maana yake programu inaweza kusimbua, E inaweza kusimba. H.264 kwa kawaida ina zote mbili. AMR, ile ya rekodi za .3gp za simu za zamani, mara nyingi ina D peke yake, kwa hiyo utaisikiliza na kuigeuza iwe AAC, lakini ukitaka kuandika AMR mpya utagomewa. Sasa itafute MP4 humo. Utakutana na mpeg4, utakutana hata na mp4als, ila MP4 yenyewe haimo. Iko kwenye ffmpeg -muxers, orodha ya makasha.

Hiyo mpeg4 ndiyo iliyowapoteza wengi. MPEG ni kifupi cha Moving Picture Experts Group, jopo lililoanza mwaka 1988, na MPEG-4 ni rundo la viwango chini ya namba moja, ISO/IEC 14496. Sehemu ya 2 ni kodeki ya picha ya enzi za DivX na Xvid, na ndiyo FFmpeg inayoiita mpeg4. Sehemu ya 10 ni H.264. Sehemu ya 14 ndiyo kasha la MP4, lililojengwa juu ya muundo wa faili za QuickTime za Apple. Ukoo mmoja, kazi tofauti kabisa. Ukisoma "Video: mpeg4" usidhani umeshika MP4, huenda ni AVI ya zamani. (MP3 nayo si kaka yake. Ni MPEG-1, tabaka la tatu la sauti.) Waliobuni MKV angalau walitaja chombo waziwazi: Matroska inatokana na matryoshka, wale wanasesere wa Kirusi wanaoingia mmoja ndani ya mwingine.

Kwa nini kubadili jina kunaonekana kama kumefaulu? Kwa sababu VLC na FFmpeg zinapofungua faili huchungulia baiti za mwanzo, hazitegemei jina tu. Faili linacheza kwenye kompyuta, mtu anajipongeza. Lakini FFmpeg inapoandika, hapo jina lina nguvu: .mp4 mwishoni mwa amri ndiyo inayochagua kasha.

Basi kabla ya kugeuza chochote, soma kilichomo kwa ffprobe, inayokuja pamoja na FFmpeg:

ffprobe -hide_banner harusi.mkv

Mistari inayoanza na Stream (mkondo) ndiyo jibu. Ikiwa picha ni h264 na sauti ni aac, kosa ni la kasha tu:

ffmpeg -i harusi.mkv -c copy harusi.mp4

Inamaliza haraka na ubora haupungui hata chembe. Ukisahau -c copy, FFmpeg itasimba kila fremu upya, na utakaa unaitazama huku feni ikivuma. Ikikugomea kwa "Could not find tag for codec subrip", kasha ndilo linalokataa, maana MP4 haipokei manukuu ya SubRip (yale ya .srt). Ongeza -c:s mov_text baada ya -c copy, ili manukuu yageuzwe kuwa ya aina ambayo MP4 inaipokea.

Picha ipo, sauti hakuna, na ffprobe inasema dts, kodeki ya sauti ambayo runinga yako haiisomi? Geuza sauti peke yake: -c:v copy -c:a aac -b:a 192k. Sauti ipo, picha nyeusi, na imeandikwa hevc (Main 10), yaani HEVC ya biti 10? Hapo kweli kodeki ndiyo tatizo, na hakuna njia ya mkato:

ffmpeg -i harusi.mkv -c:v libx264 -crf 20 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 160k harusi.mp4

Usiache hiyo yuv420p, ndiyo inayolazimisha biti 8. Bila hiyo utapata H.264 ya biti 10, ambayo runinga nyingi haziisomi, na utarudi palepale. Ikiwa kifaa ni cha Apple na kinasoma HEVC, usisimbe upya. Nakili tu na uongeze -tag:v hvc1, yaani lebo ya mkondo wa picha, kwa kuwa FFmpeg yenyewe huandika hev1 na QuickTime haiitaki.

Na libx264 si jina lingine la H.264. H.264 ni kiwango, x264 ni programu mojawapo inayosimba kwa kiwango hicho. Ndiyo maana "Unknown encoder 'libx264'" haina maana kwamba FFmpeg yako haiwezi kusoma H.264. Imejengwa bila maktaba hiyo, basi. Tafuta toleo lililojengwa kwa --enable-gpl na --enable-libx264.

Kwa hiyo ukiomba msaada, sema "HEVC na DTS ndani ya MKV, nataka H.264 na AAC ndani ya MP4", au bandika ile mistari ya Stream kama ilivyo. Ukisema "faili la MP4" peke yake, hujakosea. Ni neno kodeki tu ndilo tunaomba lisiwekwe hapo.