Kizuri chajiuza? Dhana zinazomkosesha fundi cherehani wateja wapya

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

Methali hii imewafungisha ofisi mafundi wengi wenye mkono mzuri. Gauni zuri hujisifu, lakini halitaji aliyelishona. Mvaaji akiulizwa ukumbini "umeshona wapi?", hujibu: "Kwa fundi mmoja kule Buguruni, nikiipata namba yake nitakutumia." Haitumwi. Oda imefia hapo.

Dawa ni lebo. Chapisha jina la ofisi na namba ya simu kwenye utepe laini, uushone ndani nyuma ya shingo. Nguo yenye mgongo wazi, weka kwenye mshono wa ubavu. Utepe mgumu unawasha, mteja ataukata kwa wembe siku ya kwanza. Namba iwe ile ile miaka yote. Kwenye mfuko wa nguo tia kadi mbili: yake, na ya atakayemuuliza.

Na kuomba uombe. Wakati wake ni pale anapojigeuza mbele ya kioo na nguo imekaa, kabla hajaivua. "Dada, niletee wateja" ataitikia tu na kusahau. Muulize kitu mahususi: "Harusi ya mdogo wako, kamati imeshampa nani sare?" Sare za harusi moja zinaweza kuwa magauni 20 ya kitambaa kimoja, na anayeamua ni mwenyekiti wa kamati ambaye huyu mteja wako ana namba yake.

"Punguza bei, watakuja."

Watakuja. Sasa piga hesabu. Tuseme gauni unashona kwa shilingi 25,000, na uzi, zipu na bitana vinakula 6,000. Unabaki na 19,000. Ukitoa punguzo la asilimia 20, zile 5,000 hazitoki kwenye uzi wala zipu; zinatoka kwenye mkono wako, unabaki na 14,000. Magauni 10 yalikuwa yanakupa 190,000. Kwa bei mpya lazima ushone 14 ili ufike hapo. Kama gauni moja ni nusu siku, umejiongezea siku mbili za kukanyaga cherehani bure. Isitoshe, aliyekuja kwa punguzo akirudi atauliza bei ya siku ile.

Ukitaka kumvuta mgeni, mpe kitu kisichogusa bei: marekebisho ya bure ndani ya siku 14, au kupima nyumbani kwake wakiwa watu watano na zaidi.

"Nipo kwenye magrupu mengi ya WhatsApp, natangaza kila siku."

Grupu lenye watu mia kadhaa wengi wao wamelizima sauti. Orodha ya matangazo, ile inayopeleka ujumbe mmoja kwa watu hadi 256 na kila mmoja kuupata peke yake, inafanya kazi zaidi, ila ina sharti linalowaponza wengi: ujumbe haumfikii asiyehifadhi namba yako. Ukiwa na wateja 200 na waliokuhifadhi ni 40, unazungumza na hao 40.

Kwa hiyo siku ya kupima, mteja akiwa bado amesimama, mtumie vipimo vyake: bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu. Mwambie, "Hifadhi namba hii, siku nyingine hata ukiwa safarini utaniagiza tu." Anahifadhi kwa sababu vipimo ni mali yake. Kwenye daftari, pembeni ya vipimo, ongeza safu moja: *ametupataje*. Baada ya miezi mitatu utaona wateja wanatoka wapi. Wengi hushangaa.

Namba za kununua achana nazo. Wanaopokea watakuripoti na WhatsApp itaifunga namba yako, ile ile iliyo kwenye lebo zote ulizokwisha kushona. Na tangu 2023 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi.

"Picha kali za mtandaoni ndizo zinazovuta."

Zinavuta ugomvi. Mteja anaonyesha gauni la mwanamitindo wa Lagos, unashona la kwako, halifanani. Piga picha kazi zako, karibu na dirisha, ukuta usio na mapambo nyuma. Onyesha mbele, mgongo, na upindo kwa ndani. Anayejua nguo hutazama upindo. Sura ya mteja usiiweke bila idhini yake. Mishono 15 yenye bei, idadi ya siku na yadi zinazohitajika inatosha.

Tangazo la kulipia nalo halipimwi kwa idadi ya waliolipenda. Kama umelipa 30,000, wameandika watu 12 na wameshonesha watatu, kila mteja amekugharimu 10,000. Linganisha na faida yako ujue kama inakulipa. Na kabla ya kulipa, chagua eneo linalozunguka ofisi yako. Fundi wa Mbagala hana faida na macho ya Arusha.

"Tenda za sare ni za wenye majina."

Ununuzi wa serikali Tanzania hupita kwenye NeST, mfumo wa zabuni wa mtandaoni, na sheria imetenga asilimia 30 kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu. Kikundi kisichosajiliwa hakionekani humo. Shule binafsi ni njia fupi zaidi, lakini muhula unaanza Januari; ukibisha hodi Desemba, kazi imeshagawiwa. Nenda Septemba, na shati moja la mfano mkononi pamoja na bei iliyoandikwa.

Oda ikija, chukua malipo ya awali yanayofunika kitambaa chote, kisha ukinunue chote siku moja, kutoka robota moja. Ukinunua nusu leo na nusu baada ya wiki mbili, rangi hutofautiana kidogo, na tofauti hiyo haionekani dukani. Inaonekana wanafunzi wakijipanga mstarini.

"Mteja hakataliwi."

Mwezi wa Ramadhani ndio unaozalisha wale tunaowaita mafundi waongo. Ukiweza kumaliza magauni 12 kwa wiki, pokea 10. Mawili ni nafasi ya marekebisho na umeme kukatika. Bandika mlangoni tarehe ya mwisho ya kupokea oda za Idi, siku 10 kabla. Anayekuja baada ya hapo mpeleke kwa fundi jirani mliyekubaliana naye asilimia, na umwandike kwenye daftari lako. Baada ya sikukuu, mtumie ujumbe kuuliza kama alishonewa vizuri.