Una mafua na kesho unapanda mlimani kuona gorila? Maswali na majibu

Gorila anaambukizwaje na binadamu?
Kama sisi tunavyoambukizana: kwa mate, makamasi, mikono michafu na kinyesi. Vinasaba vyetu na vya gorila vinafanana kwa takribani asilimia 98, kwa hiyo virusi vingi vinavyotukamata sisi vinamkamata na yeye. Tofauti ni kwamba yeye hana kinga tuliyojijengea tangu utotoni.

Ni mafua madogo tu, sina hata homa. Niende?
Hapana. Ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote hapa kliniki, na mara nyingi muulizaji ana kibali cha kuona gorila mfukoni tayari. Mafua hayo ni madogo kwako wewe. Mwaka 2009 ugonjwa wa mapafu uliingia katika familia ya gorila iitwayo Hirwa nchini Rwanda. Wakafa jike mmoja na mtoto mchanga. Vipimo vyao vilikuta virusi vya binadamu, vya aina ambayo kwetu huleta mafua na kikohozi.

Nikimeza dawa ya mafua asubuhi?
Hapana, na narudia: hapana. Dawa hizo hukausha pua, hushusha homa na kutuliza kikohozi. Haziui virusi. Unaendelea kuambukiza vilevile, ila sasa askari wa hifadhi anayewakagua kabla ya kupanda hawezi kukutambua. Kuna wanaonipangia vidonge vyao mezani, kisha wanaomba niwaongezee "cha nguvu" kitakachozuia kikohozi ile saa moja ya kukaa na gorila. Sitoi. Tafadhali msiniombe.

Lakini nimeshalipa!
Najua, na inauma. Kwa mgeni anayetoka nje ya Afrika, kibali Uganda ni dola 800, na Rwanda ni 1,500. Piga simu ofisi ya hifadhi mara tu unapojisikia vibaya, uulize utaratibu wa kuahirisha. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2019 ilikuta gorila wa milimani 1,063 tu duniani, wote katika msitu wa Bwindi na safu ya milima ya Virunga. Jike akifa leo, pengo lake halizibwi upesi, maana huzaa mara moja tu katika miaka minne hivi.

Si nitavaa barakoa?
Barakoa ni ya mtu mwenye afya, haimpi mgonjwa ruhusa. Na wenye afya nao, acheni kuishusha kidevuni ili mpige picha! Kaa mita 10 kutoka kwa gorila. Mtoto wa gorila akikusogelea, rudi nyuma taratibu. Usidondoshe kitambaa ulichopengea kamasi: watoto wa gorila huokota vitu na kuvitia mdomoni.

Na kuharisha?
Usiende. Hata mwenye afya akibanwa na haja msituni amwambie mwongozaji, achimbiwe shimo la sentimita 30 na lifukiwe vizuri.

Kikohozi kimeanza usiku wa kuamkia safari. Nifanyeje?
Mwambie mwongozaji usiku huohuo, usingoje kukaguliwa. Usipande. Ukiwa na homa, njoo kliniki upimwe malaria asubuhi hiyohiyo. Usijitibu kwa kubahatisha hotelini. Ukihema kwa shida au kifua kikibana, usingoje kupambazuke, hasa kama una pumu.