Meno ya waamini: kiapo cha Berengar

Kila nikianza kufundisha teolojia ya Enzi za Kati, huwasomea wanafunzi kiapo kimoja bila kuwaambia kimetoka wapi. Kinasema kwamba mkate na divai vilivyo altareni, vikishawekwa wakfu, ni mwili na damu halisi ya Bwana wetu Yesu Kristo. Na kwamba mwili huo, kwa namna ya kuhisika na si katika sakramenti tu, unashikwa na kumegwa kwa mikono ya mapadre na kutafunwa kwa meno ya waamini.

Wakatoliki darasani hutazamana. Meno? Wengi hudhani ni kejeli ya wapinzani wa Kanisa. Kumbe maneno hayo yaliandikwa na Kardinali Humbert, na mwaka 1059 yalisomwa Roma mbele ya Papa Nikolasi II. Aliyelazimishwa kuyasoma ni Berengar, mwalimu mashuhuri wa shule ya Tours, Ufaransa, aliyekana kwamba mkate wa altareni hugeuka na kuacha kuwa mkate.

Ubishi wenyewe ulikuwa wa zamani. Katika karne ya 9, monasteri moja tu, Corbie, ilitoa vitabu viwili kuhusu Mwili na Damu ya Bwana. Paschasius Radbertus alishikilia kwamba mwili wa altareni ni uleule uliozaliwa na Maria. Ratramnus, mmonaki mwenzake, aliulizwa na mfalme Karolo Mwenye Upara (ndivyo historia inavyomwita, maskini), akajibu kwamba mwili huo upo kwa fumbo, si kwa namna ionekanayo. Karne mbili baadaye Berengar alikiegemea kitabu cha Ratramnus akidhani ni cha John Scotus Eriugena, mwanafalsafa wa karne hiyohiyo ya 9. Maaskofu nao wakadhani hivyohivyo: mwaka 1050, sinodi ya Vercelli ikakilaani kwa jina la mtu ambaye hakukiandika.

Watu humwona Berengar kama mtu aliyekana tu. Mimi namwona zaidi kama mwalimu wa sarufi. Baada ya kurudi nyumbani alikikana kiapo, kisha akakichambua neno kwa neno. Hoja yake ni kali: ukisema "mkate ni mwili wa Kristo", kiima cha sentensi yako ni mkate. Mkate ukiwa umetoweka, sentensi imebaki inamsema nani? Kwa hiyo Humbert mwenyewe, bila kujua, amekiri kwamba mkate bado upo! Lanfranc, ambaye baadaye alikuwa askofu mkuu wa Canterbury, alimjibu kwa kitabu kizima, na ukikisoma unaona jinsi hoja ile ilivyomwasha.

Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wasome kiapo cha 1059 sambamba na cha pili, cha mwaka 1079, ambacho Berengar alikiapa chini ya Papa Gregori VII. Meno hayamo tena. Badala yake kuna neno jipya: mkate na divai hugeuzwa "kwa kiini". Kilatini kinasema *substantialiter*. Mimi natumia "kiini" kwa sababu "dutu" inanipeleka maabara ya kemia. Neno hilo moja ndilo lililofungua njia ya lugha ya Mtaguso wa Nne wa Laterano, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 1215. Katekista anayesema leo "katika maumbo ya mkate na divai" anatembea juu ya barabara hiyo: umbo linabaki, kiini kinageuka. Toma wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alipokutana na kile kiapo cha kwanza, alikiokoa kwa njia hiyohiyo: kinachomegwa na kutafunwa, alisema, ni maumbo ya sakramenti, si Kristo mwenyewe.

Walutheri wa darasani kwangu hufurahi mpaka hapo, wakidhani hayo ni ya Wakatoliki peke yao. Hapo ndipo ninapowafungulia maandishi ya Martin Luther ya mwaka 1528, alipokuwa akipambana na Zwingli, mwanamageuzi wa Uswisi aliyeuona mkate kuwa ishara tu, kuhusu Chakula cha Bwana. Luther, ambaye kwa kawaida hakuwa na neno jema kwa mapapa, anamsifu Papa Nikolasi kwa kiapo kile alichomtoza Berengar, meno na yote.